Mashudu ya nazi peke yake hayamkuzi kambare

Mhariri,

Bei ya omena (dagaa) ikipanda, ushauri mmoja huenea upesi miongoni mwa wafugaji wa samaki kuanzia Kisauni hadi Likoni: acha omena, tia mashudu ya nazi, yaani makapi yanayobaki nazi ikikamuliwa mafuta, ni ya bei nafuu na yanapatikana hapa hapa Pwani. Nusu ya ushauri huo ni sahihi. Omena kwenye chakula cha kambare inafaa kupunguzwa, tena kwa kiasi kikubwa, kwa sababu ni kitoweo cha watu na haipaswi kuishia kwenye matangi kwa magunia. Nusu ya pili inawatia watu hasara, na wanaoumia zaidi ni wenye matangi mawili matatu ambao hawana akiba ya kubeba msimu mmoja mbaya. Tunaomba nafasi tueleze kasoro iko wapi na kifanyike nini badala yake.

Mchanganyiko uliozoeleka ni nusu omena iliyosagwa, nusu pumba. Omena safi iliyokauka ina protini ya karibu asilimia 55, na pumba asilimia 10 hadi 15. Kilo 100 za mchanganyiko huo zinabeba kilo 33 au 34 za protini, na hicho ni kiwango kinachomfaa kambare wa kunenepeshwa, ambaye huhitaji asilimia 32 hadi 38. Sasa toa omena yote, weka mashudu ya nazi yenye asilimia 21. Hesabu inaanguka hadi kilo 16 au 17. Samaki anakula, tumbo linajaa, lakini uzito hauongezeki.

Hata mtu akifidia wingi kwa kutafuta mashudu mengine yenye protini nyingi, bado kuna suala la ubora wake. Protini ni mkusanyiko wa asidi amino, na kambare anazihitaji kwa uwiano maalumu. Katika kila gramu 100 za protini anayokula, karibu gramu 5 zinapaswa kuwa laisini, mojawapo ya asidi amino hizo. Protini ya samaki ina laisini gramu 7 hivi, soya 6, alizeti 3 na nusu, simsim na nazi kati ya 2 na 3. Mwili hujenga nyama kama fundi anavyoshona shati: vifungo vikimwishia, kitambaa kilichobaki hakimsaidii. Asidi amino zinazobaki bila mwenzao huchomwa kama kuni, na naitrojeni yake hutoka kwenye mashavu ya samaki ikiwa amonia. Ndiyo maana tangi la samaki wanaolishwa mashudu ya aina moja huanza kunuka hata kabla mfugaji hajaona kwamba wamedumaa.

Soya ina laisini nzuri lakini methionini yake, asidi amino nyingine, ni pungufu. Simsim ina methionini nyingi na laisini haba. Zikikutana, kila moja huziba pengo la mwenzake. Hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii: aina mbili au tatu za mbegu kwa pamoja, na samaki kidogo juu yake. Kwa bahati nzuri simsim inalimwa Kwale na Lamu, na mashudu yake tukiyatafuta mapema hupatikana. Alizeti hufaa kama nyongeza, mradi ganda limeondolewa. Ile inayokamuliwa na maganda yake ina nyuzinyuzi nyingi ambazo kambare hawezi kuzimeng'enya.

Mchanganyiko wa kilo 100 tunaoupendekeza kwa samaki waliopita gramu 20 ni huu: soya iliyokamuliwa mafuta kilo 40, omena safi kilo 12, mashudu ya simsim kilo 10, mashudu ya alizeti kilo 12, mahindi yaliyosagwa kilo 10, pumba za ngano kilo 8, unga wa muhogo kilo 4, mafuta ya kupikia kilo 2, DCP (unga wa madini ya fosforasi na kalsiamu) kilo 1.2, vitamini na madini ya samaki kilo 0.5, chumvi kilo 0.3. Protini yake ni asilimia 34 hivi na laisini inafikia mahitaji, ingawa kwa nafasi ndogo. Kwa hiyo anayepunguza soya na kuongeza alizeti ili kuokoa pesa ajue ameshuka chini ya mstari. Omena imetoka kilo 50 hadi kilo 12. Mashudu ya nazi yanaweza kuingia, ndiyo, kilo 8 hadi 10 mahali pa sehemu ya mahindi na pumba, yakiwa mapya. Hapo yanafanya kazi nzuri ya kutoa nishati. Chicha inayobaki jikoni baada ya kukamua tui ni kitu kingine kabisa: protini yake haifiki nusu ya ile ya mashudu na huchacha kwa siku moja, kwa hiyo isihesabiwe kamwe kama chanzo cha protini. Wenye visima vya maji ya chumvichumvi, ambavyo viko vingi kisiwani na Kisauni, waache ile chumvi kabisa.

Unga wa damu tumeuacha nje kwa makusudi, ingawa una laisini tele. Soko la Mombasa lina wanunuzi wengi Waislamu wanaouliza samaki amelishwa nini, na wana haki ya kupata jibu lisilowakwaza.

Soya ndiyo inayowaangusha wengi. Ikiwa mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani kemikali zinazofunga kimeng'enya cha utumbo kinachokata protini. Samaki anayelishwa soya mbichi hula vizuri na kukonda vizuri. Soya iliyokamuliwa kiwandani kwa kawaida imeshapitishwa kwenye joto. Soya nzima ya gunia ni lazima uipike mwenyewe. Chagua mawe, osha, itie kwenye maji yanayochemka tayari, ichemke dakika 30 kamili, mwaga maji, anika hadi ikauke, ndipo usage. Kukaanga kunafaa pia ikiwa moto ni wa wastani na unakoroga bila kuacha, mpaka ganda lipasuke na punje iwe na rangi ya kahawia hafifu hadi ndani. Ikiwa nyeusi nje na njano ndani, hasara ni mbili: katikati bado ni mbichi, na juu laisini imeungana na sukari kwa joto kali, samaki hawezi kuitumia.

Kuna kipimo rahisi kinachoweza kufanywa na yeyote. Chukua kijiko kikubwa cha unga wa soya yako, kijiko kidogo cha mbolea ya yuria na nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, vitie kwenye chupa, funga kwa dakika 20, kisha funua unuse. Harufu kali ya amonia maana yake soya haijaiva: kimeng'enya cha yurease bado kiko hai, na kama hicho kiko hai, vizuizi vya tripsini vipo pia. Kipimo hiki hakikwambii kama umeiunguza, hapo tegemea macho. Chupa hiyo isirudi jikoni. Tena, soya nzima ina mafuta asilimia 18 hadi 20 na protini 36 hadi 38 tu, tofauti na asilimia 44 hadi 48 ya ile iliyokamuliwa. Ukiitumia, acha kuongeza mafuta mengine, la sivyo vidonge vitakuwa laini na kuvunjika, na ufanye hesabu ya protini upya.

Mashudu ya pamba yana protini nzuri, asilimia 36 hadi 41, lakini yamebeba gosipoli, sumu inayoshika laisini na kudhoofisha samaki ikizidi. Yasivuke kilo 10 katika 100, na samaki wa kuzalisha vifaranga wasipewe kabisa.

Fosforasi husahaulika karibu kila mara. Katika nafaka na mbegu za mafuta, karibu theluthi mbili ya fosforasi imefungwa ndani ya faiteti, kemikali ya asili ya mbegu, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Faiteti hiyo hiyo hushika zinki. Unapoondoa omena unaondoa pia mifupa yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikileta fosforasi bila mtu kuifikiria. Ndiyo sababu ya zile kilo 1.2 za DCP. Ukipunguza omena zaidi, zipandishe hadi 2. Faitesi, kimeng'enya kinachouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa ajili ya kuku, hufanya kazi kwa kambare pia kwa kuwa tumbo lake lina asidi, kwa kiwango cha uniti 500 hadi 1,000 kwa kilo ya chakula. Joto huiharibu, kwa hiyo iingie mwishoni.

Matayarisho yenyewe yanataka mpangilio. Saga kila kitu kiwe laini, kipite kwenye chekecheo la tundu lisilozidi milimita moja, na kwa samaki wadogo nusu milimita. Chembe kubwa za alizeti na mahindi hutoka jinsi zilivyoingia. Changanya DCP na chumvi na kilo moja ya pumba kwanza, kisha kilo tano, kisha rundo zima. Ukizimwaga moja kwa moja juu ya kilo 100, zitaishia upande mmoja. Chemsha vichwa na mifupa ya samaki kutoka sokoni katika lita 25 za maji, chuja, na kwa supu hiyo pika uji mzito wa zile kilo 4 za unga wa muhogo mkavu. Uji huo ndio gundi, na supu ndiyo kivutio. Kambare ana sharubu zilizojaa vionja ladha na hutafuta chakula kwa ladha na harufu kuliko kwa macho, na unga wa mimea mtupu humwacha akizunguka kidonge bila kukigusa. Mimina uji ukiwa moto, kanda, ongeza maji kidogo kidogo mpaka donge lishikane bila kunata mkononi. Jumla ya maji itakuwa lita 30 hadi 35. Subiri lipoe hadi mkono uvumilie, ndipo uingize vitamini na faitesi zilizotangulizwa katika kilo moja ya pumba, pamoja na mafuta. Vitamini C haipendi moto. Ikikosekana, kambare hupata nyufa kwenye fuvu na mgongo uliopinda, na wengi hudhani ni ugonjwa wa kuambukiza wakaanza kumwaga dawa majini.

Pitisha donge kwenye mashine ya kusagia nyama yenye sahani ya tundu la milimita 2 kwa samaki wa chini ya gramu 50, milimita 3 hadi 4 kwa wa kati, 5 au 6 kwa waliopita gramu 300. Anika kivulini penye upepo juu ya wavu, unene usiozidi sentimita 2, ukigeuza. Jua kali hukausha haraka lakini huharibu vitamini na kugeuza mafuta. Hapa kwetu unyevu wa usiku ni adui mkubwa zaidi: kilichokauka saa kumi jioni kikiachwa nje huamka laini. Kiingizwe ndani kila magharibi, na kisifungwe gunia mpaka kidonge kivunjike kwa mlio kinapopindwa, yaani unyevu umeshuka chini ya asilimia 12. Kitie kidonge kwenye glasi ya maji: kikisambaratika kabla ya dakika 15, gundi haitoshi au unga ni mkubwa mno, na utakuwa unalisha maji badala ya samaki.

Tunasisitiza ukavu kwa sababu ya aflatoksini, sumu inayotokana na kuvu. Mashudu ya nazi, karanga na pamba, pamoja na mahindi, hushika kuvu upesi katika hali ya hewa ya Mombasa, hasa msimu wa masika. Sumu hiyo ndiyo iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi, na haiondoki kwa kuchemsha wala kuanika tena. Kwenye samaki huharibu ini: ukimpasua unaliona limepauka au la manjano, mashavu meupe, na samaki hufa mmoja mmoja bila dalili ya nje. Mashudu yenye ukungu, yenye joto ndani ya gunia au harufu ya uvundo yasinunuliwe hata kwa bei ya bure. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na chakula kilichochanganywa kiishe ndani ya mwezi mmoja.

Omena ile kidogo inayobaki nayo ikaguliwe. Inayoanikwa juu ya mchanga huja na mchanga. Saga kiasi, tia kijiko kwenye glasi ya maji, koroga, acha itulie: mchanga utakaa chini kabisa na utauona. Kama ni robo ya kijiko, umenunua kilo tatu kwa bei ya nne.

Kubadilisha chakula kusifanywe kwa siku moja. Siku mbili tatu za kwanza robo chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu, mpaka siku ya kumi kiwe chote. Lisha alfajiri na jioni. Samaki wa gramu 10 apewe asilimia 5 ya uzito wake kwa siku, wa gramu 100 asilimia 3, wa nusu kilo asilimia 2. Kisichoisha ndani ya dakika 15 ni ishara, punguza. Katika wiki hizo za mpito hatari kubwa kwa kambare ni kulana. Wachache huzoea ladha mpya mapema, hukua mbele ya wenzao, kisha huwameza. Mfugaji huhesabu samaki waliopungua akashuku wezi au ndege. Wachambue kwa ukubwa kila baada ya wiki mbili mpaka wapite gramu 100, na wanaozidi wenzao wawekwe tangi lao.

Vifaranga wasiingizwe katika haya. Chini ya gramu 5 wanahitaji protini ya asilimia 45 hadi 50, matumbo yao hayajakomaa, na wanakula kiasi kidogo hivi kwamba unga mzuri wa samaki haugharimu sana. Kubana matumizi hapo ni kujinyima mavuno yote yanayofuata.

Je, inawezekana kufika sifuri? Marekani, wafugaji wa kambare wa kule, aina ya Ictalurus punctatus, huwakuza kwa chakula cha soya, mahindi na mashudu ya pamba chenye protini asilimia 28 hadi 32, na unga wa samaki kidogo sana au bila huo. Wetu, Clarias gariepinus, ni samaki mwingine, mlaji nyama zaidi, na kwa mfugaji mdogo asiye na laisini na methionini za kiwandani wala mizani ya kupimia gramu, tunaona kilo 10 hadi 12 za omena katika 100 ndipo pa kusimama. Kushuka chini ya hapo, faida ya bei huliwa na ukuaji hafifu.

Hesabu ya bei ndiyo inayopotosha hata watu makini. Tuseme chakula cha kwanza ni shilingi 100 kwa kilo na unahitaji kilo 2.2 kupata kilo moja ya samaki: umetumia shilingi 220. Cha pili ni shilingi 140 lakini kilo 1.4 zinatosha: shilingi 196, na samaki yuko tayari mapema, na maji ni safi. Wanaotangaza mashudu ya nazi kama mkombozi huonyesha bei ya gunia tu. Pima samaki 30 kila wiki mbili, andika chakula kilichotumika, gawanya. Hiyo ndiyo bei ya kweli.

Kwa wauzaji tuna ombi moja. Gunia la mashudu liandikwe tarehe ya kukamuliwa, protini, nyuzinyuzi na unyevu, na la soya liseme kama imepitishwa motoni. Kwa serikali ya kaunti, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina makao yake makuu hapa hapa Mkomani. Kaunti ikae na wataalamu hao ipangwe siku maalumu kila mwezi ambapo mfugaji ataweza kupeleka nusu kilo ya mashudu yake ikapimwa protini na aflatoksini kwa ada anayoimudu, na majibu yamfikie kabla hajachanganya chakula.

Wafugaji na wachanganyaji wa chakula cha samaki,
Kisauni, Mombasa